H/T, A/T au M/T: tairi gani uweke kwenye gari la kila siku ukiwa Mwanza

Mtu ana Hilux, Prado, Rav4 au Forester, anakaa Buswelu au Kisesa, kazi iko mjini kati, wikiendi moja moja anaenda shamba Kwimba au msibani Magu. Tairi zimefika kipara. Fundi anamwambia weka za kashata kubwa, yale mabonge ya mpira yanayokanyaga barabara, uachane na habari ya kukwama, jirani anamwambia usithubutu, hizo zinakula mafuta na zinaisha kabla hujazizoea. Wote wawili wana ukweli wao, ndo maana mtu anabaki kasimama dukani na hela mkononi hajui ashike ipi.

Ninachokiona kinaumiza watu wengi ni kuchagua tairi kwa kuiwaza ile siku mbaya kuliko zote ya mwaka, af siku zote zilizobaki inasagika kwenye lami ya barabara ya Kenyatta na ya Nyerere. Kuna watu siku hiyo mbaya ndo riziki yao, hao wana hesabu tofauti na nitawafikia. Ila wengi wetu hatujawahi kukaa chini tukajiuliza kati ya kilomita 100 tunazotembea, ngapi ni lami, ngapi ni moramu na ngapi ni tope lenyewe. Ukishajua hilo, nusu ya kazi ya kuchagua imeisha.

Herufi zenyewe zimeandikwa ubavuni mwa tairi. H/T ni ya barabara kuu, kashata zake zimebanana na mifereji ni myembamba. A/T ni ya mchanganyiko, kashata zimeachana kiasi. M/T ni ya matope, mabonge makubwa yenye nafasi kubwa katikati. Siku hizi kuna na R/T inayokaa kati ya A/T na M/T, nitaigusa kidogo tu mbele.

Tunazipima kwa vitu gani

Kwanza ni kudumu, na hapa watu wanachanganya sana maana tairi moja ina umri wa aina tatu. Kuna umri wa lami: kutoka upya mpaka kashata ifike kwenye vile vijiti vidogo vilivyofichwa ndani ya mfereji, ambavyo kimo chake ni milimita 1.6. Hapo tairi imekufa, na kwa mvua inaanza kukusaliti mapema zaidi, ikishafika milimita 3 hivi breki zinarefuka waziwazi. Kuna umri wa matope: tairi iliyonunuliwa kwa ajili ya tope inaacha kuwa ya tope ikiwa bado na kashata za kutosha kutembea lami, ikibaki milimita 5 au 6 ule mng'ato umeshaondoka. Af kuna umri wa kalenda, yaani mpira wenyewe unakauka na kupasuka nyufa hata kama gari limelala uani. Ikifika miaka 6 anza kuikagua kwa makini, miaka 10 itoe hata kama inang'aa.

Pili ni lami yenye maji. Sisi tuna vuli ya Oktoba mpaka Desemba na masika ya Machi mpaka Mei, af tuna miteremko. Mtu anayeshuka Bugando au Isamilo asubuhi mvua imetoka kunyesha, mbele kuna bodaboda na watoto wa shule, huyo swali lake la kwanza linatakiwa liwe breki, habari ya kukwama ije baadaye.

Tatu ni njia mbaya, na njia mbaya za huku haziko za aina moja. Udongo mweusi wa mbugani wa Kwimba, Misungwi na Magu ni kitu kimoja, mchanga wa luseni na wa mialoni kama Igombe na Kayenze ni kitu kingine, moramu yenye changarawe kali ni kingine, na mawe yetu ya Mwanza, yale makali yaliyochongoka kwenye njia za mlimani, ni kingine kabisa. Tairi inayofaulu kwenye kimoja inaweza kufeli kwenye cha pili yake.

Nne ni gharama za pembeni: mafuta, kelele, uzito, na jinsi gari linavyokaa mkononi.

H/T

Kudumu: ikiwa mpya ina kashata ya milimita 8 mpaka 9 hivi, ndogo kuliko zote, lakini kwenye lami ndo inayoenda mbali kuliko zote. Sababu ni kwamba mpira mwingi unagusa barabara kwa wakati mmoja, uzito wa gari unagawanyika, kashata hazichezi, hazipati joto. Ikitunzwa, kilomita 60,000 mpaka 80,000 ni kitu cha kawaida na nzuri zake zinapita hapo. Sasa piga hesabu ya mtu wa Buhongwa anayekwenda mjini na kurudi, tuseme kilomita 30 kwa siku, siku 6 kwa wiki, kwa mwaka anapata 9,000 na kidogo. Huyo tairi yake itazeeka kwa kalenda kabla haijaisha kwa kashata. Kwa mtu wa hivyo kubishana ipi inadumu zaidi ni kupoteza muda, aangalie tarehe ya kutengenezwa na breki za mvua basi.

Lami na mvua: hapa ndo kwao. Zile chanjo nyembamba zilizokatwa juu ya kashata zinashika lami yenye maji, gari linasimama mapema na usukani unaitika.

Njia mbaya: moramu iliyosawazishwa inapita vizuri tu, watu wanaidharau bure. Kwenye mchanga ukishusha upepo inapita kuliko wengi wanavyodhani kwa sababu haichimbi. Udongo mweusi ukiloa usijaribu, mita chache tu mifereji imejaa na tairi imekuwa laini kama sabuni. Udhaifu wake mwingine ni ubavu, nyingi zina ubavu mwembamba, jiwe lililochongoka likiugusa kwa pembe mbaya linaufungua, na tundu la ubavuni fundi wa pancha hawezi kuliziba ukaenda nalo safari.

Gharama za pembeni: ndogo kuliko zote. Nyepesi, kimya, mafuta hayashtuki.

Inamfaa anayetembea lami sehemu kubwa sana ya maisha yake na njia mbaya yake ni moramu ya mtaani Kiseke au Nyamhongolo. Pia inamfaa mwenye gari lisilo na fowili, maana tairi ya tope kwenye gari la kuvuta tairi mbili inakusogeza mbele kidogo tu kwenye shida, af shida inakukuta ukiwa mbali zaidi na barabara.

A/T

Hapa ndo watu wengi wanaishia na hapa ndo pana maneno mengi, kwa sababu herufi hizi mbili zinafunika tairi zilizo tofauti sana. Kuna A/T laini ambazo zinakuja na gari kutoka kiwandani, kama Dunlop Grandtrek au Bridgestone Dueler za kwenye Prado na Hilux nyingi, ukiziangalia kwa haraka unaweza kudhani ni H/T. Af kuna A/T ngumu kama BFGoodrich KO2, zenye ubavu wa plai 3, yaani tabaka tatu, na kashata zinazoshuka mpaka begani. Ukimuuliza mtu "A/T inadumu?" bila kusema A/T ipi utapata majibu yanayopigana.

Kudumu: kashata mpya milimita 10 mpaka 13 kutegemea na aina. Kwa Marekani BFGoodrich walikuwa wanatoa waranti ya maili 50,000 kwa KO2, ambayo ni kilomita 80,000 hivi. Ni namba ya kukupa picha tu, ile ni barabara yao na utaratibu wao wa kuzungusha tairi, hakuna mtu Nyakato atakulipa ikiisha kwenye 50,000. Kwa matumizi mchanganyiko ya huku, kilomita 50,000 mpaka 70,000 ni matarajio ya haki kama alaimenti iko sawa, na ukiwa mtu wa moramu kila siku teremsha matarajio, changarawe inamega kashata vipande vidogo vidogo, hasa jua la mchana tairi ikiwa ya moto na wewe unakimbiza.

Kuna kitu kimoja ukitaka ujue A/T yako inaelekea wapi. Paki sehemu ya wazi, geuza usukani mpaka mwisho ili tairi ya mbele itokeze, pitisha kiganja taratibu juu ya kashata kuelekea nyuma, af irudishe kuelekea mbele. Ikiteleza vizuri upande mmoja na upande wa pili inakukwaruza mithili ya msumeno, kashata zinaliwa kisigino: ukingo mmoja umeshuka, mwingine bado uko juu. Usipozizungusha hapo hapo itaanza mlio wa ngurumo, utadhani ni beringi, utabadilisha beringi na mlio utabaki pale pale. Mafundi wengi wamekula hela za watu kwa mlio huu, wengine bila hata kujua kwamba ni tairi.

Lami na mvua: nzuri, ila inategemea sana hizo chanjo nyembamba. A/T bora zinakuwa na chanjo zinazoshuka mpaka karibu na chini, za bei rahisi zina chanjo za juu juu tu, mwaka wa kwanza ukiisha zimepotea na umebaki na mabonge yasiyo na mikato, kashata inaonekana ipo lakini kwenye lami yenye maji gari linaserereka. Ndo maana dukani usiishie kuangalia kimo cha kashata. Chungulia ndani ya chanjo uone zinaishia wapi.

Njia mbaya: moramu, mawe, makorongo madogo, nyasi zilizoloa, hapo iko kwao. Zenye ubavu wa plai 3 ni mkombozi kwa anayepanda njia za mawe kila siku. Udongo mweusi inapambana mpaka mahali fulani, ukiwa umelowa juu tu inapita, ukiwa umeiva nayo inajaa. Mchangani shusha upepo mpaka 18 au 20 PSI, tembea polepole, usikate kona kali, na ukitoka tu pandisha. Usiende Mwanza mjini na upepo wa mwaloni.

Gharama za pembeni: kuna A/T za gari la kawaida na kuna zile zenye LT (za magari ya mizigo midogo) mbele ya saizi, mfano LT265/65R17. Hizo za LT zinaweza kuzidi H/T ya saizi hiyo hiyo kwa kilo 4 mpaka 6 kila moja na utaisikia gari inakuwa nzito kuondoka, mafuta yanapanda asilimia chache. Na hili watu wengi hawaambiwi: tairi ya LT inahitaji upepo zaidi kubeba mzigo ule ule. Ukiipa 29 au 32 kama kibandiko cha mlangoni kinavyosema, inakuwa kama imekosa upepo, inapata joto, inaliwa mabega, af unaenda kuilaumu kampuni. Muuzaji anayejua kazi atakutafutia kwenye jedwali la mzigo la hiyo tairi, mara nyingi inaongezeka PSI kadhaa.

Inamfaa anayechanganya kweli kweli. Afisa ugavi anayezunguka Sengerema na Geita, mwalimu anayekaa Magu mjini na shule iko ndani, mwenye shamba Misungwi anayeenda kila wiki bila kujali msimu.

M/T

Kudumu: ndo fumbo lenyewe. Kashata mpya ni milimita 14 mpaka 16, karibu mara mbili ya H/T, na bado inaisha ya kwanza. Kwa sababu nafasi kubwa katikati ya mabonge ina maana mpira unaogusa lami ni mchache, kila bonge linabeba mzigo mkubwa, kwa kuwa ni refu linayumba kila linapokanyaga na kuachia, linasuguana, linapata moto, linaisha. Kampuni nyingi hazithubutu hata kutoa waranti ya kilomita kwa M/T. Ukiitumia lami kila siku hesabu kilomita 40,000 hivi, ukiikimbiza safari ya Mwanza na Dodoma mara kwa mara hata hizo hufiki. Na ukumbuke umri wa matope: inunuliwe leo kwa ajili ya Ngudu, isagwe na lami mwaka mzima, masika ijayo unafika kwenye tope na tairi iliyopoteza sehemu ya kile ulichokilipia.

Lami na mvua: hapa nitasema bila kuzunguka, kwenye mteremko wa lami laini yenye maji M/T inahitaji umbali mrefu zaidi kusimama. Mifereji yake inatoa maji vizuri, lakini mpira unaoshika ni mchache na nyingi hazina chanjo nyembamba. Mtu akiniambia anafunga M/T kwa usalama wa familia ilhali familia inatembea Capri Point, Kirumba na Rwagasore, namwambia usalama wao uko kwenye tairi nyingine. Na zile barabara za mawe yaliyopangwa zinazopanda milimani, mawe yakiloa yanakuwa laini, kanuni ni ile ile.

Njia mbaya: tope la kina, makorongo yaliyochimbwa na matrekta na malori ya pamba, kupanda kingo za mto, hakuna inayoigusa. Inajisafisha, tairi ikizunguka kwa kasi kiasi inatupa udongo nje na kung'ata upya. Ila udongo wetu mweusi unanata vibaya, ukiwa na mguu mwepesi kwenye mafuta hata M/T inajaa. Huko ndani utaona Land Cruiser hadtopu na pikapu za zamani zinapita na tairi nyembamba za 7.50R16, tairi nyembamba inakata tope la juu na kutafuta ugumu chini, kwa hiyo upana pia una neno, anayetaka tairi pana kwa ajili ya mbugani afikirie mara mbili. Mchangani M/T inachimba kaburi lake yenyewe usipokuwa mpole.

Gharama za pembeni: nzito, inaunguruma kadiri inavyozeeka, mafuta yanaonekana, usukani unakuwa na ulegevu fulani katikati. Shokapu na busheni nazo zinabeba ule uzito kila tuta.

Inamfaa ambaye kukwama ni hasara halisi. Anayepeleka dawa au chanjo vijijini ndani, mwenye pikapu ya kufuata mazao mashambani kipindi cha mvua, mkandarasi wa visima. Wenye kazi hizo wakiweka A/T kwa ajili ya kubana mafuta, trekta moja la kuwavuta linakula akiba yote.

R/T kwa ufupi

Muonekano wa M/T begani, katikati imebanana kama A/T. Kudumu iko katikati, mvua iko katikati, tope iko katikati. Inamfaa mtu ambaye A/T ngumu imekuwa ikimpungukia kidogo tu. Kama hujawahi kukwama na A/T, sioni sababu ya kuongeza hela.

Zile zinazokuja na gari kutoka Japani

Hii naiweka peke yake maana inadanganya watu. Gari linashushwa bandarini na tairi zenye kashata nene, mikato mingi mpaka inapendeza, mwenye gari anafurahi amepata A/T ya bure. Angalia ubavuni kama pameandikwa STUDLESS, au majina kama Blizzak, iceGUARD au Winter Maxx. Hizo ni tairi za theluji. Mpira wake umetengenezwa ubaki laini kwenye baridi kali, kwenye lami ya Mwanza saa nane mchana unalainika kupita kiasi, unaisha haraka na gari linacheza kwenye kona. Zile mtumba zinazouzwa moja moja nazo nyingi ni hizo hizo. Usizihesabu kama akiba, panga kuzibadilisha.

Vinavyoua tairi yoyote utakayochagua

Tofauti kati ya mtu anayefikisha 70,000 na anayeishia 35,000 kwa tairi ya jina moja mara nyingi iko hapa.

Upepo upimwe tairi ikiwa baridi, asubuhi kabla ya safari, kwa geji yako mwenyewe maana geji za vituoni zinapishana. Upepo mdogo unakula mabega, mwingi unakula katikati. Alaimenti ipimwe ukifunga tairi mpya na kila ukipiga shimo la maana, ukiona bega la ndani la tairi ya mbele linaliwa peke yake usingoje, hiyo tairi inaweza kuisha ndani ya miezi michache huku upande wa nje unaonekana mpya kabisa, na watu wanaangalia upande wa nje tu. Kuzungusha tairi ni kila kilomita 8,000 mpaka 10,000, kwa A/T na M/T usizidishe 8,000. Spea kama ni ya saizi na aina hiyo hiyo iingize kwenye mzunguko, la sivyo itazeekea chini ya gari bila kufanya kazi. Na wenye gari la fowili ya muda wote, Subaru na wengine, usichanganye tairi mpya na zilizochakaa, kimo kikipishana tairi zinazunguka kwa kasi tofauti na diffu ndo inalipa.

Zile mawe ndogo zinazong'ang'ania kwenye mifereji ya A/T na M/T ukitoka moramu zitoe kwa bisibisi isiyo kali. Zinaonekana hazina madhara, lakini kila ukikanyaga lami jiwe linasukumwa ndani zaidi, taratibu linatoboa chini ya mfereji mpaka unyevu unafika kwenye nyaya za chuma.

Sasa kwa hali yako

Kama maisha yako ni Nyegezi, Mkuyuni, mjini na kurudi, na kijijini ni Krismasi tu, chukua H/T nzuri au A/T laini. Hiyo Krismasi ikiangukia mvua, acha gari kwenye lami kwa mtu unayemwamini, malizia na bodaboda.

Kama una Ist, Noah au gari dogo lolote na mtaa wenu una mawe, saizi nyingi za A/T hutazipata na ukizipata zinaweza kugusa kwenye kona. Hela yako iweke kwenye tairi ya kawaida mpya yenye namba ya mzigo inayotosha, usiongeze upana.

Kama unafanya biashara ya Mwanza na Geita kupitia daraja la Kigongo na Busisi tangu lilipofunguliwa Juni 2025, mara tatu kwa wiki unapita kilomita 30,000 kwa mwaka bila shida. Kwako kilomita ndo kila kitu, tairi itaisha kwa kashata kabla ya kalenda. Njia yote ni lami, H/T inakulipa vizuri. Kama huko Geita unaingia machimboni, A/T yenye ubavu wa plai 3 inajilipa kwenye pancha usizopata.

Kama unaenda Ukerewe kupitia Kisorya, au unazunguka mialo kununua samaki, A/T, na beba geji na pampu ndogo ya kujazia upepo. Pampu hiyo itakusaidia mchangani kuliko kashata.

Kama uko mbugani masika nzima kwa kazi, M/T bila kujiuliza. Ila kama masika ni miezi mitatu na miezi mingine tisa gari liko lami, tafuta rimu nne za chuma za mtumba, funga M/T humo, ziweke stoo kwenye kivuli, zivae Machi na kuzivua Juni. Mwanzo inauma mfukoni kwa sababu unanunua seti mbili, lakini kila seti inafanya kazi yake tu na M/T yako inafika masika ya pili ikiwa bado ni M/T.

Na popote utakapoangukia, kabla hujatoa hela muombe muuzaji ageuze tairi utafute maandishi ya DOT, yanaishia na tarakimu nne: 2324 ni wiki ya 23 ya mwaka 2024. Angalia zote nne, dukani zinachanganywa, unaweza kupewa tatu za mwaka jana na moja imekaa rafu miaka mitano. Maandishi hayo mara nyingi yako upande mmoja tu, yakiwa yamegeukia ndani hutayaona tena baada ya kufungwa, kwa hiyo soma kabla hazijapanda kwenye rimu.